Ukubwa wa shamba ndio huamua hatima ya mabua baada ya mavuno

Mavuno yanapokwisha na magunia kuingizwa ghalani, husalia shambani mali ambayo wakulima wengi hawaitii katika hesabu: mabua ya mahindi, na majani makavu ya ngano na mpunga. Nchini Kenya, matumizi ya masalio hayo hutegemea sana ukubwa wa shamba. Kwa mwenye ekari moja hayatoshi. Kwa mwenye ekari mia tano ni mzigo. Kwa sababu hiyo, ushauri mmoja hauwezi kuwafaa wote wawili.

Kiasi cha masalio hayo si haba. Ekari moja ya mahindi inayotoa magunia 10 ya kilo 90 huacha mabua makavu yenye uzani unaokaribia tani moja, na pengine zaidi. Ndani yake mna naitrojeni, potashi na madini mengine yaliyonyonywa kutoka udongoni. Yakiondolewa msimu baada ya msimu bila kurejeshwa chochote, udongo huchoka na mavuno hupungua.

Bua ni moja, wenye haja ni wengi

Katika kaunti za Vihiga na Kisii, ambako familia nyingi hulima ekari moja au mbili na nyingine hazifikishi hata moja, bua halilali shambani. Ng'ombe wa maziwa anayefugiwa zizini hulisubiri, hasa wakati wa kiangazi nyasi za nepia zinapopungua. Mabua mengine na magunzi huishia mekoni kuwa kuni, na yaliyo imara hujengea ua.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Ng'ombe mwenye uzani wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 10 za lishe kavu kwa siku. Tani moja ya mabua ingemalizwa na ng'ombe mmoja katika muda wa siku 100 tu, endapo hangekula kitu kingine. Mkulima huyo anapoambiwa aache mabua yafunike ardhi, huwa anatakiwa kuchagua kati ya udongo na maziwa ya watoto. Si ajabu kwamba udongo hupewa nafasi ya mwisho.

Hata hivyo, bua lililoliwa halijapotea lote. Sehemu kubwa ya naitrojeni na potashi hutoka tena katika kinyesi na mkojo wa mnyama. Hasara huingia pale mkojo unapotiririka nje ya zizi, au samadi inapoachwa juani na mvuani kwa miezi. Mkulima mdogo anaweza kutandaza zizini vipande vya mabua vilivyokataliwa na ng'ombe ili vinyonye mkojo, kisha akavirundika pamoja na samadi chini ya kivuli na kuvifunika hadi viwe mboji. Kwake yeye, zizi ndilo daraja la kurudishia rutuba shambani.

Ikumbukwe pia kwamba mabua makavu ni lishe duni, kwa kuwa yana protini kidogo. Kuyakatakata hupunguza upotevu, na kuyachanganya na majani ya desmodiamu au viazi vitamu humwongezea ng'ombe protini anayoikosa.

Mpunga wa Mwea

Hali ya Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga, ni ya kati na kati. Mradi huo wa unyunyizaji ulianzishwa miaka ya 1950, na familia nyingi ziligawiwa ekari nne nne za mpunga, ingawa baadhi ya mashamba yamegawanywa baadaye. Majani ya mpunga hufungwa marobota na kuuziwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Fedha hizo ni msaada, lakini sehemu kubwa ya potashi ya mmea huo hukaa katika majani wala si katika punje. Kila lori linaloondoka hubeba rutuba, na muuzaji hana budi kuirudisha kwa samadi au mbolea.

Mashamba makubwa

Katika mashamba ya ngano ya Narok na Uasin Gishu, tatizo hugeuka. Mashine ya kuvunia hupita na kuacha majani mengi kuliko mifugo iliyo karibu. Majani hayo ni mepesi lakini hujaza nafasi kubwa, hivyo gharama ya kuyafunga na kuyasafirisha mbali huweza kuishinda bei yake. Baadhi ya wakulima huyauza kwa wafugaji na wakuzaji wa uyoga, wengine huruhusu mifugo iingie kula, na wengine huyatia moto ili kusafisha shamba upesi. Moto huo huteketeza karibu naitrojeni yote iliyomo.

Mwenye shamba kubwa ana uwezo asio nao jirani yake mdogo: trekta na mashine za kupanda moja kwa moja juu ya masalio bila kulima. Njia hiyo hutumika katika baadhi ya mashamba makubwa ya Timau na Laikipia. Kilimo cha kuhifadhi ardhi hutaka angalau asilimia 30 ya udongo iwe imefunikwa, ili unyevu usipotee na mvua isichukue udongo. Lakini aliyekodi ardhi kwa msimu mmoja au miwili hana sababu ya kutunza rutuba itakayomfaa mwingine.

Tahadhari

Kufunika udongo nako kuna masharti yake. Viwavi wanaotoboa mahindi huweza kujificha ndani ya mabua hadi msimu unaofuata, hivyo mabua yaliyoshambuliwa yafaa kulishwa mifugo au kutiwa katika mboji inayopata joto. Aidha, mabua makavu yakizikwa udongoni, vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mimea michanga naitrojeni, nayo hugeuka rangi ya manjano. Samadi, au zamu ya maharagwe shambani, hupunguza athari hiyo.

Kwa hivyo, kabla ya afisa wa kilimo kumhimiza mkulima aache mabua shambani, yampasa kwanza kuuliza maswali matatu: shamba ni ekari ngapi, lina ng'ombe wangapi, na ardhi ni ya nani. Majibu yake ndiyo yatakayoonyesha kama rutuba itarudi kwa njia ya zizi, kwa mfuko wa mbolea, au kwa masalio yenyewe kulala pale yalipoota.