Kisiwa cha Mzee Saanane

Majina ya mahali ni hazina ya historia, na aghalabu ndiyo kumbukumbu ya pekee inayombakia mtu asiyeandika kitabu wala kutawala nchi. Nassa, katika Mkoa wa Simiyu, imekaa ukingoni mwa maji ambayo katika ramani huitwa Ghuba ya Speke. Jina hilo lilitolewa na Stanley alipoizunguka ghuba hiyo kwa mashua mwaka 1875, ili kumheshimu John Hanning Speke aliyefika pande za Mwanza mwaka 1858. Speke naye alikuwa amekwisha kuliita ziwa lenyewe kwa jina la malkia wake. Wavuvi waliokuwako kabla yao hawakuulizwa.

Mkazi wa Nassa yu kati ya hifadhi mbili za taifa. Akishika barabara ya Musoma hufikia lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Serengeti. Akishika barabara ya Mwanza, kisha akavuka maji kwa mashua kwa muda mfupi tu, hufika kisiwa cha Saanane. Serengeti ina zaidi ya kilomita za mraba 14,000. Saanane, pamoja na maji yake, ina kilomita za mraba 2.18, na ndiyo ndogo kuliko zote nchini. Sheria imezipa cheo kimoja, lakini hazimpokei mgeni namna moja. Serengeti hutazamwa zaidi kutoka ndani ya gari, na asiye na gari wala fedha ya kulikodi huishia langoni. Saanane hutembelewa kwa miguu.

Tofauti hiyo ina asili yake. Mwezi wa Septemba 1961, katika Tamko la Arusha, ambalo si lile Azimio la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliahidi kwamba wanyama wa porini wangetunzwa ili wajukuu wa nchi hii wawarithi. Ahadi ilikuwa njema, lakini urithi usioonekana kwa macho ni vigumu kuupenda. Wengi wa wananchi walimjua mnyama kwa hasara aliyowatia shambani au kwa masimulizi ya wazee. Kumtazama kwa starehe kulikuwa jambo la wageni.

Mwaka 1964 kisiwa hiki kilifanywa bustani ya wanyama, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza nchini. Kabla ya hapo kilikuwa makao ya Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, ambaye alihamia nchi kavu ili kupisha kazi hiyo. Wanyama waliletwa kutoka bara, watu wa Mwanza na vijiji vya jirani wakapata kuwaona. Mwaka 1991 kisiwa kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Katika mabadiliko yote hayo jina la mvuvi halikufutwa.

Kila ardhi hudai njia yake. Jozani, kisiwani Unguja, ambako mikoko husimama katika tope, mgeni hupitishwa juu ya ujia wa mbao. Saanane ni kisiwa cha miamba, na mgeni hupita katikati ya mawe makubwa ambamo pimbi na mijusi huota jua, huku swala pala wakila majani karibu naye. Akipanda juu ya miamba, huuona mji wa Mwanza ng'ambo ya maji.

Wako wasemao kwamba mahali padogo namna hii, penye wanyama waliochukuliwa kwingine, si pori la kweli. Neno hilo lina haki yake, lakini halimalizi shauri. Pimbi na ndege wa ziwani hawakuletwa na mtu ye yote. Tena faida ya kisiwa tangu mwanzo haikuwa ukubwa wake, bali ukaribu wake na watu.

Na hapo ndipo lilipo deni. Hifadhi nyingi zimepatikana kwa watu kuondoka. Mwaka 1959 Wamasai walioishi Serengeti walihamishiwa Ngorongoro, na ijapokuwa neno Serengeti limetoka katika lugha yao, jina hilo si la mtu mmoja miongoni mwao. Saanane aliyeondoka anajulikana, na jina lake husomwa na kila ashukaye mashuani. Yeye alipisha ili wenziwe waone. Kwa hiyo, kila kiingilio na nauli ya mashua vinapopangwa, yafaa kuuliza kwanza kama mtoto wa mvuvi wa Nassa ataweza kuvilipa. Akishindwa, kisiwa kitakuwa kimetunza jina la mvuvi na kuwafungia mlango wavuvi wenyewe.