Proxima Centauri

Proxima Centauri ni nyota kibete nyekundu katika kundinyota la Kantarusi, umbali wa miakanuru 4.24 kutoka kwetu. Ukiacha Jua, hakuna nyota inayojulikana iliyo karibu zaidi, lakini haionekani kwa macho matupu: uangavu wake ni wa daraja la 11, ilhali jicho la binadamu hukomea karibu na daraja la 6. Anayetaka kujua ilipo aitafute kwanza Rijili Kantori, nyota angavu iliyo jirani na Salibu. Kutoka Dar es Salaam huonekana vizuri upande wa kusini jioni za Mei na Juni. Proxima iko kando yake, kiasi cha mara nne ya upana wa Mwezi mpevu, na inahitaji darubini.

Iligunduliwa mwaka 1915 na Robert Innes, aliyeongoza paoneaanga pa Union mjini Johannesburg. Alilinganisha picha mbili za eneo hilo zilizopishana miaka mitano, akaona kidoa hafifu kimesogea karibu sawa na Rijili Kantori yenyewe. Leo inajulikana kwamba Proxima huzizunguka nyota mbili kubwa ambazo kwa macho huonekana kama moja, yaani Rijili Kantori, mzunguko mmoja ukichukua takriban miaka 550,000.

Masi yake ni asilimia 12 tu ya masi ya Jua, na joto la uso wake ni karibu sentigredi 2,700. Gesi yake huchanganyika kuanzia kiini hadi usoni, hivyo hidrojeni yake karibu yote itatumika, tena polepole mno. Nyota hii itadumu kwa matrilioni ya miaka. Udogo haumaanishi upole, hata hivyo. Tarehe 1 Mei 2019 ililipuka, na mwanga wake wa urujuanimno ukaongezeka takriban mara 14,000 kwa sekunde chache.

Sayari yake mashuhuri, Proxima b, ilitangazwa Agosti 2016 na kundi la Guillem Anglada-Escudé. Hakuna aliyeiona. Kilichopimwa ni nyota kuyumba ikivutwa na sayari hiyo: inatujia, kisha inarudi nyuma, kwa kasi ya kilomita 5 hivi kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Yumbayumba hiyo, iliyonaswa na spektrografu ya HARPS huko La Silla, Chile, hujirudia kila baada ya siku 11.2, na huo ndio mwaka wa Proxima b. Masi ya sayari hiyo ni angalau karibu sawa na ile ya Dunia, na umbali wake kutoka nyota ni kilomita milioni 7 hivi. Hapo hupokea nishati inayoweza kuruhusu maji ya majimaji, mradi iwe na angahewa.

Sharti hilo ndilo linalosahauliwa na wanaoiita Dunia ya pili. Milipuko ya nyota iliyo karibu hivyo ingeweza kuipeperusha angahewa zamani, na huenda upande mmoja wa sayari una mchana wa daima na mwingine usiku usiokwisha. Tena Proxima b haionekani kupita mbele ya nyota yake, kwa hiyo njia ya kawaida ya kuchunguza angahewa haifai. Matumaini yako kwa darubini ya ELT inayojengwa Chile, yenye kioo cha mita 39, itakayojaribu kutenganisha mwanga wa sayari na ule wa nyota.

Sayari nyingine ndogo zaidi, Proxima d, ilitangazwa 2022. Mwaka wake ni siku 5 na kidogo. Ya tatu, Proxima c, bado inabishaniwa.