Dhahabu ya Sekenke

Mbulu na Hanang hatukujaliwa mbio za dhahabu, bali jirani zetu wa Iramba walizipata. Ukipita Haydom ukashuka kuelekea kusini-magharibi, unaingia nchi yao, na huko ndiko Wajerumani walikoanzisha mgodi wa Sekenke mwaka 1909. Nilipokuwa nikifundisha historia katika chuo cha ualimu nilipenda kuutaja mgodi huo, maana mwanafunzi huielewa dunia upesi akianzia mlangoni kwake.

Mfikirie, msomaji, Mjerumani aliyevutwa na habari hizo. Alipanda meli Hamburg, akapita Mfereji wa Suez na Bahari ya Sham, na baada ya majuma kadhaa akateremka Dar es Salaam. Walioikimbilia California mwaka 1849 kwa kuzunguka Amerika ya Kusini walikaa baharini miezi mitano na zaidi. Huyu alikuwa na nafuu. Lakini bahari ilikuwa mwanzo tu. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, na Tabora mwaka 1912. Ilipoishia reli, mzigo ulihamia kichwani mwa mpagazi.

Je, alitajirika? Mwaka 1914 vita vilizuka, na manowari za Waingereza zikaifunga njia ya bahari. Mwaka 1916 dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, na katika karakana ya reli zikapigwa sarafu za rupia 15 zipatazo 16,000, zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaiteka Tabora. Baada ya vita Wajerumani walifukuzwa nchini. Aliyekuja kuanza maisha mapya akarudi kwao kuyaanza tena.

Sarafu zile zimehifadhiwa hata leo na zinauzwa ghali. Jina la mpagazi halikuhifadhiwa na mtu.

Nayasema haya kwa sababu nimewaona vijana wetu, hata walimu, wakiiacha chaki na kwenda Mirerani kutafuta tanzanaiti. Wengine walijenga nyumba za bati. Wengine hawakurudi, mvua za mwaka 1998 zilijaza maji mashimoni na kuua wachimbaji wengi. Siwalaumu. Mtafuta cha mvunguni sharti ainame. Ila kabla ya kuinama, kijana na aulize: katika safari hii, mimi ni mwenye sarafu au ni mpagazi?