Fundi na Misi ya Kuja na Kuondoka

Ziko hitilafu za gari ambazo hata mtoto anaweza kuzitaja: tairi limepasuka, rejeta inavuja, betri imekufa. Misi, yaani silinda kukosa kuwaka sawasawa, haimo katika kundi hilo. Asubuhi injini inanguruma vizuri, mlimani inasitasita, dereva akikanyaga mafuta inajivuta na kujikwaa, kisha inatulia. Na gari likifikishwa gereji halionyeshi kasoro yoyote. Imezoeleka kusema kwamba mafundi wetu wa chini ya mwembe waliushughulikia ugonjwa huu kwa kubahatisha mpaka kompyuta ikaja kuwatoa gizani. Naona mambo yalikwenda kinyume na hivyo. Kubahatisha tunakokulalamikia leo ni kwa juzi tu, na kumezaliwa na wingi wa spea. Zamani, spea zilipokuwa adimu, fundi hakuwa na njia ila kukitafuta chanzo.

Tuanze na chombo chenyewe. Mfumo wa kuwasha cheche uliotawala magari ya petroli kwa zaidi ya nusu karne ulibuniwa na Charles Kettering huko Marekani, ukaingia katika magari ya Cadillac mwanzoni mwa miaka ya 1910. Mpaka miaka ya 1970 ulikuwa bado ndani ya Volkswagen, Datsun, Land Rover za petroli, na Peugeot 404 iliyoshinda Safari Rally mara tatu mfululizo kuanzia 1966. Ndani ya distribyuta, pointi mbili hugusana na kuachana kila silinda inapodai cheche, na zikiachana nafasi kati yake ni karibu nusu milimita tu. Kondensa ikichoka, pointi huungua. Koili iliyoharibika ndani hufanya kazi ikiwa baridi na kukata ikipata moto. Kofia ya distribyuta yenye ufa hutulia kiangazi chote na kuleta shida siku ya mvua. Gumu kuliko yote ni waya mfupi unaoingia kwenye pointi. Bamba linalozibeba huzungushwa kidogo na mvuto wa hewa wa injini kila dereva anapoongeza au kupunguza mafuta. Waya ukikatika ndani ya ganda lake, ncha zake hugusana gari likiwa limesimama na kuachana likiwa safarini. Kwa macho hutaona kitu. Fundi aliyelijua hilo aliuvuta waya taratibu kwa vidole huku injini ikinguruma, au aliufyonza kwa mdomo mpira wa hewa wa distribyuta ili bamba lizunguke mbele yake kama linavyozunguka barabarani. Hapo hakuna kubahatisha: ameyarudisha mazingira ya ugonjwa ili ugonjwa ujitokeze.

Kabla ya vidole yalitangulia maswali, na maswali ndiyo yaliyobeba elimu kubwa zaidi. Linasita likiwa la moto au la baridi? Linakata ghafla au linafifia? Cheche ikikosekana gari hushtuka mara moja. Mafuta yakipungua nguvu huisha polepole, na dereva aliyeliendesha anaijua tofauti hiyo hata kama hajui jina la kifaa kimoja. Limetoka wapi? Swali hili lilikuwa na uzito wa pekee kwetu. Mombasa iko usawa wa bahari na Nairobi iko juu yake kwa takriban mita 1,700, ambako hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita. Kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa mafuta mengi mno kwa hewa ya Nairobi, plagi zikafunga masizi meusi. Iliyorekebishwa Nairobi hubana mafuta ikishuka pwani, na injini ikasita kila inapodaiwa nguvu. Kwenye joto la tambarare petroli iliweza kugeuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta, na kitambaa kilicholoweshwa maji juu ya pampu kilikuwa tiba na kipimo kwa pamoja: gari likipona, chanzo kimejulikana.

Uchumi wa wakati ule uliulazimisha uangalifu huo. Tanzania iliingia miaka ya 1980 ikiwa imepandishiwa bei ya mafuta mwaka 1973, imeshuhudia Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika mwaka 1977, na imepigana vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na koili mpya haikuwa kitu cha kununua ili tu kujaribu. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na katika miaka iliyofuata magari na spea za mtumba kutoka Japani vikajaa Kariakoo, Dar es Salaam. Nairobi nayo ilikuwa na maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Spea ilipokuwa rahisi kuliko muda wa kutafuta, kufunga na kufungua kukawa ndiyo njia.

Atakayepinga atasema uhaba ulizaa pia kuungaunga: waya wa kienyeji, pointi zilizosuguliwa kwa msasa mpaka zikaisha. Ni kweli, na magari mengine yaliharibiwa hivyo. Lakini hata anayeunga lazima ajue palipokatika. Wapo watakaosema ninawasifu mafundi wachache na kuwasahau wengi. Hoja yangu haihitaji kwamba wote walikuwa hodari. Inahitaji tu kwamba kukosea kulikuwa na gharama kubwa, na kwamba gharama hiyo sasa imehamia kwa mwenye gari, anayelipia kifaa na ufundi wa kukifunga lakini hukataa kulipia saa mbili za kutafuta.

Pingamizi zito zaidi ni kompyuta. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zilihifadhi kumbukumbu ya hitilafu, na fundi aliyeunganisha tundu mbili za soketi kwa kipande cha waya aliisoma kwa kuhesabu mimweko ya taa ya injini. Kwa magari yaliyouzwa Marekani lugha moja ya namba za hitilafu ilikuwa lazima kuanzia toleo la 1996. Haya ni maendeleo halisi. Lakini namba kama P0300 husema tu kwamba silinda zinakosa kuwaka bila mpangilio. Haisemi kama sababu ni koili inayokata ikipata moto, pampu iliyochoka, au waya uliovunjika ndani ya ganda. Kompyuta imempa fundi swali bora la kuanzia. Maswali yanayofuata, kama gari lilikuwa la moto, lilikuwa linapanda, mvua ilikuwa inanyesha, bado anayajibu dereva, na bado ni lazima mtu amuulize.