Magari Madogo Yaliyoitikisa Safari

Mwaka 1993 mbio za Safari Rally nchini Kenya zilimalizika kwa Toyota Celica kushika nafasi nne za kwanza, Juha Kankkunen wa Finland akiwa mbele ya wote. Hilo halikumshangaza mtu. Celica hizo zilikuwa na turbo, zilivuta magurudumu yote manne, na nyuma yake ilisimama kambi kubwa ya kiwanda yenye mafundi na vipuri vya kila aina. Kilichowashangaza watu ni yaliyofuata: nafasi ya tano, ya sita na ya saba zilichukuliwa na Daihatsu Charade. Hili ni gari dogo linalovuta magurudumu ya mbele tu, na injini yake ina pistoni tatu na cc 993. Hata lita moja haijafika.

Naanza na Charade kwa sababu ubishi kuhusu magari madogo yenye kasi umevuka bahari na kufika hadi kwetu Rufiji. Vijana wa Utete, Ikwiriri na Kibiti wanatazama video kwenye simu, kisha wanabishana: Golf GTI au Civic Type R? Mégane au GR Yaris? Lipi zuri barabarani, lipi zuri kwenye uwanja wa mashindano? Ubishi wao ni halali kabisa, na una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Sehemu nzuri ya historia hiyo iliandikwa hapahapa Afrika Mashariki, kwenye tope, vumbi na mawe.

Tunaouzungumzia ni ukoo wa hachibaki, magari mafupi yasiyo na buti lililotokeza nyuma. Mlango wa nyuma hufunguka pamoja na kioo, viti hulazwa, na magunia ya mpunga yakaingia. Sisi tunayajua kwa majina yake: Starlet, Vitz, IST, Passo, Demio. Umbo hilo lilibuniwa kwa ajili ya familia na mizigo. Kulitia injini kali lilikuwa wazo la watu wachache wakaidi.

Wakaidi waliofanikiwa zaidi walikuwa Wolfsburg, Ujerumani. Volkswagen ilitoa Golf mwaka 1974, umbo lake likiwa limechorwa na Mwitaliano Giorgetto Giugiaro. Kikundi kidogo cha wafanyakazi wa kiwanda hicho kilikuwa kikijaribu gari la michezo pembeni ya kazi zao za kawaida, bila baraka rasmi za wakubwa. Golf GTI ikaonyeshwa Frankfurt mwaka 1975 na kuanza kuuzwa mwaka 1976. Injini ilikuwa ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110, na gari zima lilikuwa na kilo 810 hivi. Kampuni ilipanga kutengeneza magari 5,000 tu. Kizazi hicho cha kwanza kilipofika mwisho, GTI zaidi ya 460,000 zilikuwa zimetoka kiwandani.

Haikuwa peke yake. Mwaka huohuo 1976 Wafaransa walitoa Renault 5 Alpine, na Waitaliano walikuwa wametangulia na Autobianchi A112 Abarth tangu 1971. Lakini GTI ndiyo iliyoweka kipimo: gari la kwenda nalo kazini Jumatatu, na Jumapili ukalipeleka uwanjani bila kubadilisha chochote.

Mpinzani aliyeitia GTI jasho alikuja mwaka 1984, naye ni Peugeot 205 GTI. Jina Peugeot halihitaji kutambulishwa kwa wazee wetu. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, aliishinda Safari mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404 akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell. Wakati huo mbio hizo zilikuwa za Afrika Mashariki nzima. Zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara ambazo mabasi, malori na ng'ombe walikuwa wakizitumia kama siku nyingine yoyote. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika 404. Kwa hiyo Peugeot ilipotoa gari dogo la kasi, watu wa huku walikuwa na sababu ya kulitazama.

Na 205 GTI ilistahili kutazamwa. Ya kwanza ilikuwa na lita 1.6 na nguvu 105, kisha ikaja ya lita 1.9 yenye 130. Ilikuwa nyepesi, usukani wake ulikuwa hai mkononi, na kwenye kona iliinua gurudumu la nyuma la upande wa ndani bila kupoteza mwelekeo. Ila haikusamehe woga. Dereva aliyeachia mafuta ghafla katikati ya kona aliona mkia ukimzunguka na kumtangulia. Kwa maoni yangu, hakuna hachibaki ya miaka ile iliyomfundisha dereva upesi kuliko hiyo. Golf ilikuwa imara zaidi na tulivu zaidi, na kwa safari ndefu ningeichagua yenyewe.

Uwanja wa kweli wa ugomvi huo ulikuwa rali. Peugeot ilijenga 205 Turbo 16, gari lililofanana na 205 kwa sura tu: injini ilikaa nyuma ya dereva na magurudumu yote manne yalivuta. Lilichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1985 na 1986. Lilishinda pia mbio za Dakar mwaka 1987 na 1988. Safari halikuishinda kamwe. Golf GTI, kwa upande wake, ilipata ushindi wake mmoja katika mashindano ya ubingwa wa dunia hapahapa Afrika, nchini Ivory Coast mwaka 1987, usukani ukiwa mikononi mwa Kenneth Eriksson wa Sweden. Gari la kwenda sokoni lilishinda pale palipohitaji uvumilivu.

Kabla ya hapo kulikuwa na msiba. Mei 2, 1986, Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto walikufa kisiwani Corsica baada ya Lancia Delta S4 yao kutoka barabarani na kuwaka moto. Magari ya daraja hilo la Delta S4 na 205 Turbo 16 yalikuwa na nguvu kupita uwezo wa binadamu kuyadhibiti, na wasimamizi wa mchezo wakayafuta. Kuanzia 1987 kiwanda kilichotaka ubingwa kililazimika kushindana kwa gari linalouzwa kwa umma, lililotengenezwa kwa idadi isiyopungua 5,000. Sheria hiyo moja ndiyo iliyowaletea watu wa kawaida hachibaki bora kuliko zote za karne iliyopita.

Lancia ilikuwa tayari na Delta, gari la milango mitano lililotoka mwaka 1979 na ambalo, kama Golf, lilichorwa na Giugiaro. Likatiwa turbo na kufanywa livute magurudumu yote manne. Lancia walikuwa wamehangaika na Safari kwa miaka mingi. Walileta Fulvia, wakaleta Stratos maarufu, wakaambulia nafasi za pili na tatu. Mwaka 1988 Miki Biasion akaivunja laana hiyo kwa Delta Integrale, akarudia mwaka 1989, kisha Kankkunen akaongeza ushindi wa tatu mwaka 1991. Duniani, Delta ilichukua ubingwa wa watengenezaji mara sita mfululizo, 1987 hadi 1992. Ukitazama picha zake za Kenya utaiona ikiwa imeinuliwa, ina ngao ya chuma mbele na taa kubwa za usiku, matope hadi kwenye kioo. Lakini ni umbo lilelile aliloliendesha mwalimu wa shule wa Torino, Italia, kwenda kazini.

Ndipo tunarudi kwenye Charade. Delta ilikuwa na kiwanda kikubwa nyuma yake, lakini Charade ilikuwa na wepesi. Tope linalomeza gari zito hulibeba jepesi. Shokapu na tairi za gari jepesi haziumii haraka, na injini ndogo haichoki ikitunzwa. Celica zilishinda kwa kasi, nazo Charade zikafika kwa sababu hazikuvunjika. Kwa mtu wa Rufiji, anayejua mfinyanzi mweusi wa bondeni unavyokuwa mto ukifurika, nafasi ya tano ya Charade ina uzito kuliko vikombe vingi vya lami.

Colin McRae alishinda Safari ya 1999 kwa Ford Focus, hachibaki nyingine, ukiwa ushindi wa kwanza wa gari hilo katika ubingwa wa dunia, na akashinda tena mwaka 2002. Baada ya hapo Safari ikatolewa kwenye ratiba ya ubingwa kwa karibu miaka ishirini.

Katika miaka hiyo ubishi wa hachibaki ulihamia Ujerumani, kwenye uwanja wa Nürburgring wenye mzunguko wa kilomita 20.8. Mwaka 2014 SEAT León Cupra ilimaliza mzunguko kwa dakika 7 na sekunde 58, miezi michache baadaye Renault Mégane ikatumia 7 na 54. Mwaka 2015 Honda Civic Type R ikashusha hadi 7 na 50, mwaka 2016 Golf GTI Clubsport S ikapata 7 na 49, na mwaka 2017 Civic ikarudi na 7 na 43. Ni mashindano ya kusisimua, na wahandisi wake nawaheshimu. Lakini tazama walivyolipia sekunde hizo. Golf ya 2016 iling'olewa viti vya nyuma. Mégane Trophy-R ya 2019 nayo ikang'olewa. Gari lisiloweza kumbeba mama na watoto limeacha kuwa hachibaki, hata kama umbo limebaki. Chini limekaribiana na lami kiasi kwamba tuta moja la kijijini lingeondoka na bampa.

Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha. Thierry Neuville aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa Hyundai i20. Shokapu ya nyuma ikaharibika, uongozi ukamponyoka, na Sébastien Ogier akashinda kwa Toyota Yaris. Nafasi ya saba, ya nane na ya tisa zilichukuliwa na Wakenya Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo, wote katika hachibaki, Volkswagen Polo na Ford Fiesta. Mwaka 2022 na 2023 Yaris zilishika nafasi nne za kwanza, kama Celica za 1993. Kuanzia 2021 hadi 2025 hakuna gari jingine lililoshinda Safari.

Yaris hiyo si ngeni kwetu. Kwa miaka mingi Japani waliiuza kwa jina la Vitz, na IST iliyojaa katika barabara zetu ilijengwa juu ya msingi wa Vitz ya kwanza. Kuna jambo jingine ambalo wenye IST wachache wanalijua: yenye injini ya lita 1.5 ina nguvu za farasi takriban 110, sawa na Golf GTI ya 1976. Tofauti iko kwenye uzito, gia na shokapu, si kwenye injini.

Hukumu yangu basi. Kwenye uwanja wa lami, Civic Type R. Kwa raha ya barabarani, Peugeot 205 GTI bado haijapata mrithi. Ila kwa mtu anayetaka gari moja la kufanya yote, pamoja na kuiacha barabara kuu ya Lindi pale Nyamwage na kushika njia ya Utete, ni Toyota GR Yaris ya mwaka 2020: lita 1.6, pistoni tatu kama Charade, turbo, nguvu 272 katika toleo la Japani, magurudumu manne yanayovuta. Ilijengwa kwa ajili ya rali kwanza, soko likafuata. Usukani uko kulia, na viti vya nyuma vipo, ingawa mtu mrefu hatavifurahia.

Hata hivyo, barabara ya Kibiti hadi Daraja la Mkapa si uwanja. Ina wanafunzi, wenye baiskeli na bodaboda, na anayetaka kujua kama IST yake ina damu ya GTI asiwafanye hao kuwa kipimo. Nawaomba waandaaji wa mbio za magari nchini waje Rufiji: wafunge njia moja ya udongo kwa siku moja, waweke madaktari na walinzi, na wawaruhusu vijana wenye magari ya kawaida kushindana na saa. Udongo wa kuyapima magari upo, na madereva wapo.