Laha ya Mitindo na Kuanza Upya

Katika makala haya tunakusudia kueleza kisa cha laha ya mitindo, yaani orodha ya amri zinazouambia ukurasa wa tovuti uonekane vipi: rangi gani, herufi za ukubwa gani, nafasi kiasi gani pembeni. Huenda msomaji akadhani kuwa hayo ni mambo ya mafundi peke yao. Walakini kiini chake ni suala la kuvipa vitu majina, na hiyo ndiyo kazi yetu.

Lugha ya HTML, aliyoibuni Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN huko Geneva, ilikusudiwa kutaja viungo vya maandishi: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha. Mwezi Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa akifanya kazi hapo hapo, alipendekeza mapambo yawe na laha yake mbali na maandishi. Alishirikiana na Bert Bos wa Uholanzi, na tunda la kazi yao, CSS, liliidhinishwa na shirika la W3C mwezi Desemba 1996.

Kanuni njema haikuzuia vurugu. Internet Explorer 5 ya Windows ilihesabu mpaka wa kisanduku kuwa sehemu ya upana wake, ilhali kanuni iliuweka nje ya hesabu. Wasanifu wakabuni hila za kukihadaa kivinjari hicho, kiraka juu ya kiraka. Amri zilipopingana, fundi mwenye haraka aliongeza alama ya kuipa yake nguvu kuliko nyingine. Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo. Mwishowe hapakuwa na aliyethubutu kufuta hata mstari mmoja, maana hakujua ungebomoa nini.

Dawa waliyoiona wengi ni kuanza upya. Mwezi Oktoba 2002 tovuti ya Wired News, iliyosanifiwa na Douglas Bowman, iliacha kupanga kurasa kwa majedwali, ikategemea CSS. Mwaka 2003 Dave Shea alianzisha CSS Zen Garden, ambamo ukurasa ule ule, pasipo kubadilishwa hata neno, ulivikwa sura nyingi, kila sura kwa laha yake.

Je, kwa nini kuanza upya kwingine hufaulu na kwingine huzaa vurugu ile ile? Jibu limo katika majina. Fundi aliyeiita sehemu ya ukurasa "nyekundu" hutatizika siku inapotakiwa iwe ya njano: ama abadilishe jina kila mahali, ama neno "nyekundu" litoe rangi ya njano. Aliyeiita "onyo" hubadilisha mstari mmoja tu. Jina la sura huchakaa pamoja na sura. Jina la kazi hudumu.

Aidha, kufuta nako kuna hatari zake. Mwaka 2007 Eric Meyer alitangaza laha fupi ya kuondoa mapambo ya asili ya vivinjari, ili msanifu aanze na uwanja mtupu. Pamoja na hayo uliondolewa mstari unaomwonyesha mtumiaji wa kibodi mahali alipofika ukurasani, na Meyer akaandika ukumbusho kwamba msanifu aweke alama yake badala ya huo. Wengi walinakili ufutaji, wakausahau ukumbusho. Laha zao zilikuwa safi machoni. Lakini mtu asiyeweza kushika kipanya alipotezwa njia.

Sisi wa istilahi tuna cha kujifunza hapa. "Kikokotoo" kilipewa jina la kazi yake, na hata kikigeuka umbo jina halitakisuta. "Kipanya" kilipewa jina la umbo lake, na leo vingi havina mkia. Hata hivyo hatupendekezi kukibatiza upya, kwa kuwa watu wamekwisha kulizoea jina hilo na vitabu vya shule vinalitegemea. Tunaporekebisha orodha zetu, basi, tuulize maswali mawili kabla ya kushika kifutio: neno hili lataja kazi au sura? Na tukilifuta, ni nani atakayepotea njia?