Maiki Bila Waya: Jinsi Sauti ya Kwaya Yetu Ilivyosafiri



Kamati ya jubilei iliniomba, kama katibu, niandike historia ya kwaya. Majina ya wenyekiti, walimu wa kwaya na safari zetu yamo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, nami sitayarudia. Hapa naandika historia ya kitu kimoja ambacho mtu akikiona mkononi mwa kiongozi wa wimbo hadhani kina historia yoyote, yaani maiki isiyo na waya. Nimekichagua kwa sababu siku ya kilele kutakuwa na harambee ya vyombo vipya. Ni haki kila atakayetoa shilingi yake ajue inakwenda kununua nini, na kwa nini vyombo tulivyowahi kuwa navyo havikudumu.

Kwaya ilipoanza hapakuwa na chombo chochote isipokuwa koo za waimbaji. Watu wa Dunga hawakuhitaji kufundishwa kutoa sauti. Wavuvi wa omena wakiwa ziwani usiku huitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, na hewa ikitulia maneno yao hufika ufuoni kana kwamba wamesimama hapo kando yako. Sababu ipo. Hewa iliyo karibu na maji hupoa, ile ya juu hubaki na joto, basi sauti iliyokuwa ipotelee juu hupindwa na kurudishwa chini. Ndani ya kanisa la mabati hakuna ziwa la kukubebea sauti. Mvua ya Kisumu ikiangukia paa, kwaya ya watu arobaini huonekana ikifungua midomo tu.

Chombo cha kwanza kilikuwa maiki moja ya waya, amplifaya ya kuazima na spika mbili. Amplifaya iliwekwa karibu na soketi, waya wa maiki ulikuwa mfupi, na walioangukia kusimama hapo walikuwa soprano. Wazee wetu wa besi husema mpaka leo kwamba miaka ile kwaya iliongozwa na soketi, wala si na mwalimu. Wanatania, lakini ukisikiliza kanda za zamani utawaelewa: soprano wako wazi kabisa, tenor wanasikika kwa mbali, na besi ni kama mtu anayesogeza meza katika chumba cha pili. Isitoshe, kiongozi wa wimbo hakuweza kutembea. Akigeukia kwaya waya unamvuta. Akishuka kwa waumini mtu anajikwaa.

Taabu hiyo ya waya haikuwa yetu peke yetu. Mwaka 1949 huko Brighton, Uingereza, Reg Moores alificha transmita ndogo ya redio ndani ya vazi la mchezaji katika onyesho la kuteleza kwenye barafu lililoitwa Aladdin on Ice. Chombo kilifanya kazi vizuri. Hata hivyo Moores hakukisajili kama uvumbuzi wake, kwa maana alitumia masafa ya megahezi 76 ambayo hakuwa na ruhusa nayo. Naomba msomaji alishike jambo hilo la ruhusa, tutalirudia tukifika kwetu. Mwaka 1953 kampuni ya Shure ya Marekani ilitoa maiki bila waya iliyoitwa Vagabond. Kisha mwaka 1964, katika filamu ya My Fair Lady, mwigizaji Rex Harrison alikataa kuigiza midomo juu ya nyimbo zilizorekodiwa studioni, akaimba palepale mbele ya kamera akiwa na maiki bila waya iliyofichwa kwenye tai. Wengi wetu hatujaiona filamu hiyo, lakini kila anayeimba huku akitembea katikati ya viti anafuata nyayo za mzee huyo.

Sasa, ni kitu gani hicho? Maiki ya mkononi bila waya ni vitu viwili ndani ya ganda moja. Juu, nyuma ya wavu, kuna sehemu inayogeuza sauti kuwa umeme. Chini kuna transmita, ambayo kwa kweli ni kituo kidogo cha redio. Ni ndugu ya mitambo ya KBC, ila nguvu yake mara nyingi ni miliwati 10 hadi 50 tu, wakati balbu ndogo ya nyumbani hula wati 5. Lile sanduku lililo karibu na miksa, lenye antena mbili kama pembe, ni risiva: redio ambayo kazi yake ni kusikiliza kituo kimoja tu.

Watu huniuliza kwa nini antena ni mbili. Mawimbi ya redio hugonga mabati na nguzo za chuma yakarudi. Mahali fulani wimbi lililorudi hukutana na lile lililokuja moja kwa moja, yakafutana, na sauti ikakatika ghafla. Antena moja ikiwa mahali pabaya, kwa kawaida ya pili iko mahali pazuri, na risiva huchagua yenyewe. Kwenye megahezi 600 wimbi lina urefu wa sentimita 50, kwa hiyo kusogea nusu hatua kunaweza kurudisha sauti. Mwili wa binadamu nao, ambao sehemu kubwa ni maji, hunywa mawimbi hayo. Ndiyo maana risiva huinuliwa juu ya vichwa, na ndiyo maana vijana wa mitambo huwaomba wageni kwa heshima wasisimame mbele yake. Tena antena ya maiki nyingi imo mwishoni kabisa, upande wa chini, palepale wanapopenda kushika wale wanaoiga wanamuziki wa rapu. Ukiifunika kwa kiganja umelipunguza nguvu wimbi lako mwenyewe. Ukifunika wavu wa juu, spika zitapiga mbinja. Shika katikati.

Nirudi kwenye historia. Maiki zetu za kwanza bila waya zililetwa na ndugu wa mmoja wetu anayeishi ng'ambo. Zilikuwa nne, nzuri, za kampuni inayojulikana, na alizipata kwa bei ya chini kweli. Tulimwombea baraka, na baraka anastahili hadi leo. Kwa muda zilifanya kazi bila tatizo. Kisha zikaanza kukwaruza, kwanza Jumapili moja moja, halafu kila ibada, hasa watu wakishajaa kanisani na simu zao. Tulibadilisha betri. Tulilaumu mvua. Kuna waliosema ni shetani anapinga sifa. Siwacheki, kwa sababu wakati huo hakuna aliyekuwa na maelezo bora zaidi.

Maelezo yalikuwa yameandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibandiko cha kila maiki: megahezi 700 na kitu. Masafa ni kama ardhi. Yana mipaka, na yana mwenye kuyagawa, ambaye hapa Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Zamani sehemu hiyo ya masafa ilikuwa ya televisheni, na maiki ziliingia kwenye nafasi zilizobaki wazi kati ya stesheni. Televisheni za dijitali zinatumia nafasi ndogo zaidi, kwa hiyo nchi nyingi ziliamua kuzihamisha zote hadi chini ya megahezi 694, na sehemu ya juu wakapewa watoa huduma za intaneti ya simu. Wasomaji wanakumbuka Februari 2015, mitambo ya analogi ilipozimwa na stesheni kubwa za Nairobi zikatoweka kwenye runinga zetu kwa majuma kadhaa. Tulidhani ni ugomvi wa matajiri wa televisheni. Kumbe na sisi kwaya tulikuwa na shamba katika ardhi hiyo.

Ng'ambo mambo yalitangulia. Marekani ilipiga marufuku maiki za megahezi 698 hadi 806 kuanzia tarehe 12 Juni 2010. Uingereza ilizifungia zile za 694 hadi 790 kuanzia tarehe 1 Mei 2020. Makanisa na kumbi za huko zililazimika kununua mpya, na za zamani, zikiwa bado zinang'aa, zikawa za kuuzwa kwa bei ya kutupa. Sisemi kwamba kila aliyetuma Afrika alijua. Nasema tu kwamba bei ya chini ilikuwa na sababu, na kwamba maiki nzima isiyo na kasoro inaweza kuwa haina mahali pa kusemea. Tofauti na Moores, sisi tulikuwa tukitumia masafa ya wenyewe bila hata kujua.

Tangu hapo vijana wetu wamejifunza utaratibu, nao nauandika ili usipotee wakioa na kuolewa wakahama. Hufika saa moja asubuhi. Kwanza huwasha risiva huku maiki zote zimezimwa. Taa ya risiva ikionyesha kuna wimbi linaingia, basi kuna mwingine hewani, na wanatafuta chaneli nyingine. Baada ya hapo huwasha maiki moja moja, wala hawaweki mbili kwenye masafa yaleyale. Hawazipangi kwa umbali sawa pia, na hapa naomba mnivumilie kidogo kama mwalimu. Transmita mbili zikiwa karibu huzaa masafa ya tatu. Chukua 602, zidisha mara mbili upate 1204, toa 600, utapata 604. Ukiweka maiki zako kwenye 600, 602 na 604, ile ya tatu itakuwa inasikia mtoto wa wenzake wawili. Mpangilio wa chaneli unaokuja na chombo umeshafanya hesabu hiyo, kwa hiyo ni heri kuufuata kuliko kubahatisha.

Halafu hupima kiasi cha sauti. Kiongozi wa wimbo aimbe pale anapofika juu kabisa, na taa nyekundu ya maiki iwake kwa kufumba na kufumbua tu. Tatizo letu la kudumu ni kwamba wakati wa majaribio kila mtu hunong'ona, haloo, haloo, na ibada ikianza ananguruma kama radi ya Kano. Betri nazo ni mpya au zimechajiwa usiku wa Jumamosi, hata kama zile za juzi zinaonekana bado zina uhai. Ukomo wa betri hauchagui kati ya matangazo na ushirika mtakatifu.

Kuna sura moja ya historia hii ambayo sitaki ipite haraka. Machi 2020 makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona. Julai, ruhusa ya kufungua ilipotolewa, ilikuwa kwa watu wasiozidi 100, kwa saa moja, na waliozidi miaka 58 pamoja na watoto chini ya miaka 13 wabaki nyumbani. Kwa amri hiyo tuliwakosa karibu alto wote. Ulikuwa ndio mwaka ziwa lilipofurika. Mwezi Mei kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, na hapa ufuoni maji yaliingia kwenye mabanda ya samaki. Watu walikuwa na huzuni mbili kwa wakati mmoja.

Vijana waliunganisha simu na miksa, ibada ikarushwa kwa walio nyumbani. Lakini simu ilipokea kile tu kilichopita kwenye maiki, na maiki ilikuwa moja, mkononi mwa kiongozi. Ndani ya kanisa tulisikia kwaya. Nyumbani walisikia mtu mmoja anaimba, na nyuma yake kitu kama watu walio nje ya dirisha. Mama mmoja wa alto, aliyeimba nasi tangu mwaka wa kwanza, alimpigia mwenyekiti simu kuuliza kama kwaya imevunjwa.

Swali lake ndilo linaloniongoza katika suala la harambee. Baadhi yetu wanataka maiki nane bila waya, kila sauti mbili. Wanasema kwaya nyingine mjini zinazo. Mimi naona ni kosa, na nimeshalisema kikaoni. Kwenye tamasha za muziki za shule tunafundisha watoto kuimba bila maiki hata moja ili kila mmoja amsikie jirani yake na kumpa nafasi. Mwenye maiki mdomoni hujisikia mwenyewe. Anayesimama mahali pamoja hana haja ya transmita. Waya unamtosha, hauishiwi betri wala haugombani na mtu hewani. Anayetembea ndiye anayehitaji kufunguliwa waya.

Pendekezo lililopita, kwa kura, ni hili: maiki mbili bila waya, moja ya kiongozi na moja ya mhubiri, na maiki mbili za waya zitakazoinuliwa juu mbele ya kwaya nzima, spika zikiwa mbele yake ili zisipige mbinja. Za bila waya ziwe chini ya megahezi 694, katika nafasi isiyotumiwa na televisheni hapa Kisumu, na namba hiyo isomwe kwenye kibandiko kabla ya pesa kutolewa, hata kama ni zawadi. Betri za kuchaji zimo katika bajeti, pamoja na chaja.

Mafunzo ya vijana wa mitambo yataendelea kila Jumamosi saa nne asubuhi, kabla ya mazoezi. Kwa sasa wako watano, na wawili kati yao ni wajukuu wa yule mama wa alto.